Matofali Chini ya Mashua

Ndani ya mashua ile, choo kilikuwa karibu na jiko kiasi kwamba mtu aliyeketi chooni angeweza kunyoosha mkono akageuza mchuzi. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu kila mgeni anayefika kwetu Kasongo na kuiona uwanjani anaanza na uzuri wake: weupe wake, ule mstari wa buluu ubavuni, yale madirisha membamba kama macho ya mtu anayesinzia. Mimi nilishaingia ndani. Nilitoka nikatema mate, na hadi leo nikiipita mate yananijaa mdomoni.

Mwenye mashua ni kaka mkubwa wa mume wangu. Anafanya kazi Kalemie, kandokando ya ziwa, na aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Haikuwa mashua ya kuvulia samaki, wala ya kupelekea muhogo sokoni, wala ya kuvushia watu. Ilikuwa ya matembezi. Mtu anatoka nyumbani akiwa ameshiba, anazunguka majini kutwa, kisha anarudi pale pale alipotoka akiwa na njaa. Shemeji aliona jambo hilo watu wa Kasongo tumelikosa muda mrefu, na sasa yeye atatuletea kwenye Lualaba yetu.

Aliileta kwa lori, na kwa barabara zetu sitaki hata kuwaza safari ile ilikuwaje. Kabla ya kuifikisha mtoni aliwaita wenye mitumbwi waje kuisifu. Wakaja, wakaizunguka, wakainama kutazama chini ya tumbo lake, wakainuka wakitazamana. Ukingo wa mto wetu ni mchanga na maji ya kina kifupi. Mtumbwi unafika hadi majanini kama bata. Kitu kile kingekwama mbali huko, na waliomo wangeteremka na kutembea na maji kifuani, viatu vimeshikwa juu. Shemeji akasema basi itangoja nyumbani mpaka maji yajae. Maji yalijaa, yakapungua, yakajaa tena, na mashua haijawahi kuonja hata tone la Lualaba.

Sababu ni chuma kile. Chini ya tumbo la mashua kuna bapa la chuma zito, refu kunifika kifuani, limefungwa kwa bolti nene kama vidole gumba. Shemeji alitueleza mara nyingi, akipiga kile chuma kwa kiganja kama mtu anayemsifu ng'ombe wake. Upepo unasukuma tanga, mashua inainama, chuma kinaivuta chini, inasimama tena. "Hii bato haiwezi kupinduka," alisema. "Hata tufani ije." Sikubishana naye. Labda majini ni kweli. Lakini nchi kavu chuma kile kile ndicho kinachoizuia isisimame, kwa maana ni mguu mmoja, na kitu cha mguu mmoja lazima kitafute wa kukishika. Kilichotafutwa kuishika kilikuwa nyumba ya mama yangu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawalali chini ya paa moja. Si chuki, ni heshima. Mume wangu akimwona mama yangu njiani anaingia majanini ampishe. Mama akila, yeye hasogei. Akiwa na neno la kumwambia ananiambia mimi, nami nampelekea mama, hata kama mama ameketi palepale na amesikia kila kitu. Na mama yangu, anayeishi Wamaza, alikuwa amepatwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Waganga wa macho hufika hospitali ya Kasongo mara chache, hutangazwa redioni, na msikitini, na kanisani. Ili mama atibiwe alihitaji mahali pa kulala kwetu, na mahali hapo pasiwe chini ya paa la mume wangu. Chumba kimoja chenye mlango wake kingetosha.

Kwa hiyo mume wangu alifyatua matofali. Kiangazi chote alishinda kijitoni, nami nikimchotea maji na mtoto mgongoni. Tanuru ilipofunguliwa matofali yalitoka mekundu, ukigonga mawili yanalia kama kengele. Nilimpigia mama simu nikayagonga karibu na simu ili asikie. Akacheka. Tukayapanga kando ya nyumba, tukayafunika majani, tukangoja mvua ipungue tuanze kujenga.

Mvua haijapungua, lori likafika. Vijana wa mtaa waliiteremsha mashua juu ya magogo yaliyopakwa mawese, na ilipogusa ardhi ikainama. Wakaiwekea miti ubavuni, miti ikazama kwenye matope. Shemeji akageuka huku na huku, akaona rundo letu, akafunua majani kwa ncha ya kiatu.

"Hii matofali iko inangoja nini?"

"Iko ya nyumba ya mama mukwe, yaya," mume wangu alisema, na alikuwa anatazama chini.

"Mama mukwe atangoja. Bato haiwezi kungoja."

Ndivyo ilivyokuwa, wala hapakuwa na neno jingine. Kwetu yaya, yaani kaka mkubwa, ni baba, na baba akisema, mdogo anameza. Vijana wakaanza kubeba. Mimi nilisimama mlangoni na mwiko wa kupikia sombe, yale majani ya muhogo, mkononi, na hakuna aliyenigeukia. Nilimchukia shemeji saa ile, na nilimchukia mume wangu zaidi, kwa sababu yeye alijua kila tofali lilitoka wapi. Jioni nilimwekea chakula nikaenda kula na watoto.

Majuma yale shemeji aliyokaa nyumbani, mashua iligeuka baraza lake. Marafiki walipanda ngazi, wakaketi nyuma kwenye lile shimo la mshika usukani, wakanywa bia, miguu yao ikining'inia juu ya sufuria zangu. Kisha waliingizwa ndani kuonyeshwa. Jiko linaning'inia kwenye misumari miwili, ili mashua ikiinama sufuria ibaki wima. Meza inakunjwa ukutani. Vitanda ni vinne, na cha puani kina pembe tatu, wanalala wawili na miguu yao inapigania kona moja. Beseni la kuoshea vyombo ni dogo kuliko kibuyu. Na katikati ya vyote hivi, nyuma ya pazia jembamba, choo chenye mpini wa kupampu.

Siku aliyoniita na mimi nikaone, nilifika hadi ngazi ya ndani nikakosa hewa. Magodoro ya sponji yalikuwa na ukungu mweusi. Chini ya sakafu kuna shimo ambamo maji yote ya mashua hukusanyika, na maji yaliyokuwamo yalitoka ziwani nayo, meusi, yenye mafuta juu, na sijui nini kilikuwa kimefia humo. Shemeji aliinua ubao ili nione vizuri. Alidhani naona ufundi.

Hata mwili wa mashua ulinichukiza. Si mbao, si chuma. Ni nyuzi za kioo zilizolowekwa katika gundi zikakauka. Safarini ubavu ulikwaruzika, nyuzi zikatokeza, na binti yangu alipopitisha mkono hapo alijikuna akilia hadi jua likazama. Mtumbwi ukizeeka unaoza, mchwa wanakula, unarudi udongoni kama sisi sote. Mchwa wa uwanja wetu, wanaokula hata miguu ya vitanda, waliipanda mashua ile, wakaionja, wakashuka.

Lakini bado sijasema lililo baya. Siku moja nilikuwa nimeketi kwenye kivuli chake napepeta mchele. Juu walikuwa wanakunywa, na shemeji alikuwa amewaonyesha namna choo kinavyopampu. Mmoja wao, mtu mzima mwenye tai, akaona huo ni mwaliko. Nikasikia mpini unalia, kriki, kriki. Choo cha mashua hakina shimo la ardhini. Kina bomba tu, na bomba linatokea chini ya tumbo, kwa maana huko ilikozaliwa chini ya tumbo kuna maji. Kwetu chini ya tumbo kulikuwa na matofali ya mama yangu.

Niliona yanateremka juu ya matofali. Niliinuka na ungo wangu, nikaenda kuumwaga mchele wote kwa kuku, nikarudi nikaita juu kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Mwenye tai hakutokeza kichwa. Shemeji ndiye aliyetokeza, akacheka, akaniambia nisikasirike, itakauka, mavi ya kale hayanuki. Waliotunga methali hiyo hawakuwahi kupikia chini ya mashua. Nikamwagia majivu, na kwa siku kadhaa sikuweza kula kitu cha rangi ya kahawia.

Shemeji alirudi Kalemie. Baada ya muda redio ikatangaza kwamba waganga wa macho wanakuja. Mume wangu alimpigia kaka yake simu, akitumaini, nadhani, kwamba ataambiwa achukue matofali yake. Alirudi kwangu akitazama mlango badala ya kunitazama. Yaya amesema mama alale kwenye mashua, ndani kuna vitanda vinne, kuna jiko, kuna choo, hata hoteli za Kindu hazina hivyo. Nilimuuliza na yeye anasemaje. Akasema yaya ameshasema.

Nifanye nini? Macho ya mama hayakuwa na muda wa kungoja ugomvi wetu. Niliingia nikasugua kwa majivu na ndimu, nikatoa yale magodoro nikatia mkeka na mashuka yangu ya arusi. Nilichota yale maji meusi kwa kikombe, kikombe nikakitupa. Choo nilikifunga kwa kamba ya mashua yenyewe, mafundo juu ya mafundo. Harufu haikuondoka. Ilikuwa imo ndani ya gundi.

Mama alifika kwa pikipiki kutoka Wamaza, amekaa katikati ya dereva na mdogo wangu wa kiume, nguo nyekundu kwa vumbi. Hakuona kitu zaidi ya mwanga na kivuli. Akaweka mkono begani mwangu, nikamwongoza uwanjani hadi kwenye ngazi. Akaipapasa. Mkono ukapanda ngazi ya kwanza, ya pili, ukaendelea juu mpaka ukakosa pa kufika.

Akauliza ngazi inaenda wapi. Nikamwambia. Akauliza mkwe wake yuko wapi, asije akapita karibu wakati anapanda.

Na mkwe wake alikuwa palepale. Kaka yake alikuwa amemwambia kwenye simu aishike ngazi imara mama asianguke, na yeye, mtu wa kutii, alikuwa ameishika kwa mikono miwili, uso wake chini kabisa ya mahali ambapo mama yangu angepita na kikwembe chake kiunoni. Hakuweza kujibu, kwa sababu haongei naye. Hakuweza kukimbia, kwa sababu angeiacha ngazi. Ikabidi mimi niseme.

Mama aliondoa mkono kana kwamba ngazi ni moto. Akafunga kikwembe upya, akakaza fundo.

"Unataka nipande juu ya kichwa ya mukwe wangu?"

Mume wangu aliachia ngazi, ikaanguka, akatoweka nyuma ya jiko. Mama aliyumba kidogo, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya matofali. Akayapapasa. Akaokota kipande kilicholegea, akakigonga kwenye kingine, yakalia ile kengele. Akayasikiliza yaliponyamaza, akauliza kama ndiyo yale ya kwenye simu. Nikasema ndiyo. Hakuniuliza yanafanya nini pale. Mimi moyoni nilikuwa naomba tu awe amekaa upande ule mwingine, ule mkavu.

Jirani yetu, mjane Mwislamu anayeuza chumvi na sabuni, alikuwa ameona yote juu ya ua. Alikuja akamshika mama mkono, akampa kitanda chake mwenyewe. Mungu ambariki mwanamke yule. Lakini kwetu hiyo ni aibu isiyooshwa kwa sabuni. Mama mkwe wa nyumba yetu amelazwa kwa jirani, na uwanjani petu kuna vitanda vinne vimelala vitupu. Nilipokwenda kisimani watu walinisalimu kwa huruma, na huruma ile niliichukia kuliko matusi.

Walimtengeneza jicho moja. Mganga akasema la pili lifanywe watakaporudi, na lisicheleweshwe zaidi ya hapo. Mama hakuingia tena uwanjani petu. Alipanda pikipiki mlangoni kwa jirani, jicho limefungwa kitambaa, akanivuta karibu.

"Jicho ya pili nitakuja nayo siku nyumba itakuwako. Siwezi zunguka kwa majirani sawa mutu haina mutoto."

Mume wangu aliahidi kufyatua mengine. Mvua ikanyesha, akasema baada ya mvua. Mvua ikaisha, akasema baada ya mavuno ya mpunga. Baadaye akaanza kusema huenda yaya atakuja kuichukua mashua mwenyewe. Nilimtazama akisema hivyo nikaona kwamba anamwogopa kaka yake kuliko anavyoogopa mama yangu kuwa kipofu, na chakula nilichokuwa natafuna kikanishinda.

Redio ilipotangaza tena waganga, sikumwambia. Nilingoja aende shambani. Nikawapeleka watoto kwa jirani, nikafunga mbuzi mbali, nikamwita yule mjane na akina mama wawili wa kwaya yetu, wakaja na majembe. Kwanza tulitoa matofali ya upande ambao hauegemewi. Yale yaliyobeba uzito tukayachimbia chini, taratibu, kisha tukasimama mbali tukayasukuma kwa mti mrefu. Mashua ilikaa kidogo ikifikiri. Halafu ikainama, ikaendelea kuinama, na chuma chake hakikuivuta kurudi. Ikalala ubavu kwa kishindo cha pipa tupu.

Ndipo ikatapika. Kwenye kila tundu yalitoka maji ya mvua ya msimu mzima, yakiwa na viluwiluwi, mijusi iliyooza, majani, mafuta, na yale ya chooni ambayo hayakuwa yamepata njia. Mmoja wa kwaya alikimbia hadi barabarani. Mjane alijifunga mtandio puani, akasema kwa utulivu kwamba katika maisha yake ameosha maiti wengi, na hakuna aliyenuka hivi.

Tuliyabeba matofali hadi kijitoni tukayasugua moja moja kwa mchanga. Yale ya chini ya bomba niliyakataa kabisa. Hayo yalikwenda kujengea choo chetu, na yanajisikia nyumbani.

Mume wangu aliporudi alisimama kwenye mlango wa ua na jembe begani. Alitazama mashua, akatazama rundo la matofali linalokauka, akanitazama mimi. Nilikuwa tayari kwa vita. Alitua jembe, akaenda kutafuta kamba, akaanza kupima msingi.

Shemeji alipopata habari aliita kikao cha ukoo, yeye akiwa kwenye simu iliyowekwa sauti kubwa juu ya kigoda. Alisema nimevunja mashua yake. Wazee waliniuliza nina neno gani.

"Shemeji, ulisema haiwezi kupinduka," nikasema.

Wazee walikohoa kwa muda mrefu, wengine wakaziba midomo. Kikao kiliamua niombe radhi. Niliomba, na matofali yalikuwa tayari yamefika usawa wa dirisha.

Mama alirudi, akalala chumbani mwake, akatibiwa jicho la pili. Asubuhi ya kwanza bila kitambaa aliketi kizingitini, akautazama uwanja polepole, kitu kimoja kimoja. Alitazama mlingoti wa mashua uliolazwa juu ya nguzo mbili, nguo zetu zimeanikwa juu yake. Alitazama kuku wanaotagia ndani ya shimo la mshika usukani. Akaniuliza ile nyeupe ni nini. Nikamwambia ndiyo ile. Akasimama, akaenda mwenyewe bila kushikwa mkono, akachungulia kwenye mlango wake, akaziba pua kwa pembe ya kikwembe, akarudi kuketi.

Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba ile, upande wa pili wa ukuta, akitengeneza mpini wa shoka. Mama alijua, kwani alikuwa amemsikia akikohoa. Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaongea nami kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye mbali.

"Umwambie mwenye alichoma hii matofali: iko nguvu. Kama ilibeba ile kitu, itanibeba na mimi."

Nikazunguka nyumba. Alikuwa amesikia. Shoka lilikuwa chini, na yeye ameketi ameuelekea ukuta, mikono juu ya magoti, uso umelowa. Hata hivyo nilimwambia neno kwa neno, kama inavyotakiwa. Akajipangusa uso kwa kiganja.

"Umwambie mama anisamehe."

Alisema kwa sauti, na ukuta ule si mnene. Mama alikuwa amesikia, lakini alingoja nizunguke nyumba, nifike mbele yake, nimwambie.